Oska ni Perege: Nani Akae na Nani Ndani ya Tangi, na Kwa Nini Asiachiwe Mfongoni

Kabla hujamkaanga perege uliyemnunua Mbuyuni, fanya jambo moja. Ukishamtoa matamvua, yale mekundu, papasa kwa kidole pale koo linapoanzia. Utakuta kipande cha mfupa chenye umbo la pembetatu kilichojaa meno madogo, kinakwaruza kama msasa. Hayo ni mataya ya pili. Ya mbele hukamata chakula, ya kooni hukisaga.

Mashine hiyohiyo anayo samaki mwingine anayeishi ng'ambo ya Atlantiki, kwenye mito ya Amazon, na siku hizi pengine yuko sebuleni kwa jirani yako. Anaitwa oska, Astronotus ocellatus kwa jina la kitaalamu. Perege, sato, ngege, samaki wa rangi wa Kigoma, oska, malaika (wauzaji wengine humwita enjeli) na diskasi wote ni wa ukoo mmoja unaoitwa Cichlidae. Hapa nitawaita sikilidi ili tusichoshane. Na ukishajua kwamba oska ni ndugu wa perege, maswali mengi kuhusu tangi la samaki yanaanza kujijibu, pamoja na moja ambalo wafugaji wengi hawajiulizi mpaka wamechelewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, alipata tangi la kioo la lita mia moja. Akanunua oska wawili wadogo kama kidole gumba, malaika wawili, na neoni kumi, wale samaki wembamba wenye mstari wa buluu unaong'aa. Muuzaji alimhakikishia kwamba wote wanatoka Amerika Kusini, kwa hiyo watakaa kwa amani. Wiki ya pili neoni walikuwa sita. Dogo akasema wanajificha kwenye mawe. Wiki ya nne hapakuwa na neoni wa kujificha. Baada ya miezi mitatu oska mmoja alikutwa amekufa, mapezi ya malaika yamechanika kama bendera ya zamani. Baada ya miezi kumi aliyebaki alikuwa na sentimita ishirini na mbili, anageuka ndani ya tangi kwa shida kama daladala kwenye uchochoro. Ndipo siku moja tukiwa kwa bibi, juu kule Marangu, dogo akaniambia, "Dada, huyu tumwachie tu kwenye mfongo. Ataishi vizuri kuliko hapa."

Bibi aliyekuwa anamenya ndizi akauliza, "Si mumkaange tu?"

Tutarudi kwa bibi, maana hakuwa mbali na ukweli. Kwanza tuone kilichoharibika ndani ya tangi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba samaki wa bara moja ni majirani wema. Simba na pundamilia wote ni wa Serengeti. Kinachoamua kwanza ni mdomo. Kwa oska, chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, na mdomo wa oska mzima, samaki wa sentimita thelathini hivi, unapokea vitu vingi. Hata malaika mwenye sura ya upole huwinda kwa kuvizia katikati ya majani, na akishakomaa anawameza neoni bila haya. Kwa hiyo unapochagua, usimwangalie samaki alivyo leo kwenye chupa ya muuzaji. Uliza atakuwa na urefu gani baada ya mwaka mmoja, halafu linganisha mdomo wa mkubwa na mwili wa mdogo.

Lakini yule oska wa pili hakuliwa. Alipigwa hadi akafa, na aliyempiga ana umbo sawa na lake. Hapa ndipo sikilidi wanapovutia kweli.

Sikilidi ni walezi. Samaki wengi duniani hutaga na kuondoka, lakini hawa huwalinda watoto wao, kila mmoja kwa namna yake. Perege jike wa kundi la Oreochromis hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakitishwa hurudi mdomoni kujificha. Oska husafisha jiwe bapa, hutaga mayai elfu moja au zaidi juu yake, kisha mume na mke hulilinda jiwe hilo kwa zamu. Diskasi wamepiga hatua zaidi: watoto wao hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi, wote wawili, baba na mama, karibu kama kunyonya. Sasa, mzazi wa namna hiyo anahitaji eneo, na eneo lazima lilindwe. Ukali unaouona kwenye kioo ndio upande wa pili wa ulezi huo. Malaika wako waliokaa kimya mwaka mzima wakianza ghafla kumfukuza kila mtu hadi kona moja, usitafute ugonjwa. Tafuta mayai. Yatakuwa kwenye jani pana, au kwenye bomba la filta.

Mtoni, samaki aliyeshindwa huogelea mita ishirini na habari imeisha. Ndani ya tangi la lita mia moja hakuna mita ishirini. Anayeshindwa hubaki machoni pa mshindi saa zote, anapigwa asubuhi na jioni, hali, mwili unadhoofika. Wengi huita hii "samaki mkorofi". Mimi naona mkorofi ni tangi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ugomvi huu ambalo limechunguzwa sana, tena kwa samaki wetu. Astatotilapia burtoni, sikilidi mdogo wa Ziwa Tanganyika, ana madume ya aina mbili: wenye eneo, wanaong'aa kwa rangi, na wasio na eneo, waliopauka kama majike. Ukimwondoa mwenye eneo, yule aliyepauka hubadilika rangi ndani ya dakika chache tu na kuanza kutamba. Hajazaliwa mkali wala mpole. Anasoma mazingira. Na wataalamu wa tabia za wanyama wameona mara nyingi kwamba mwenye nyumba, yaani aliyetangulia kufika, huwa na nafasi kubwa ya kumshinda mgeni, hata wakilingana ukubwa.

Hii inakupa mbinu za bure kabisa. Mkali aingie mwisho, wapole wakiwa wameshajua pa kujificha. Ukilazimika kumwongeza mgeni, hamisha kwanza mawe na magogo yote, panga upya, ndipo umtie. Kwa muda kidogo kila mmoja atakuwa mgeni. Weka vizuizi vya kuonana, jiwe refu katikati au gogo, kwa sababu adui asiyeonekana hachochei vita. Na weka kundi la samaki wadogo wepesi wanaoogelea juu, wasioingia mdomoni mwa wenyeji. Sikilidi wengi wakiwaona hao wakizunguka bila wasiwasi, huchukulia kwamba juu hakuna ndege wala hatari, nao hutulia na kutoka mafichoni. Nilipojua hili nilicheka, maana ni kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama watoto bado wanacheza nje.

Maji nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo bali kwa sababu ni rahisi kupima. Maji ya Rio Negro kule Amazon ni laini mno na yenye asidi, pH yake inaweza kuwa chini ya 5. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH karibu 9. Kwa hiyo oska au diskasi na samaki wa Kigoma hawakai tangi moja, hata wakipatana tabia. Wengi wa malaika na oska wa madukani wamezaliwa kwenye matangi vizazi na vizazi, wanavumilia maji ya katikati, pH 6.5 hadi 7.5 hivi. Nunua vijikaratasi vya kupimia, pima maji ya bomba lako kabla ya kununua samaki. Maji yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Joto ndilo tatizo letu hasa. Watu husikia Afrika wakadhani tropiki ni tropiki. Moshi mjini usiku wa Julai joto la hewa linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 15, na ukipanda Marangu au Kibosho ni baridi zaidi. Malaika anataka maji ya nyuzi 24 hadi 29. Diskasi na ramu, yule sikilidi mdogo mwenye rangi nyingi, wanataka 28 na kuendelea. Bila hita huku milimani usijisumbue nao. Oska anavumilia kidogo, ila chini ya nyuzi 20 huacha kula na kuugua. Umeme ukikatika, jambo la kwanza si joto bali hewa: pampu ndogo ya betri inaokoa samaki wengi kuliko hita. Kisha funika tangi kwa blanketi. Kadiri tangi lilivyo kubwa ndivyo linavyopoa polepole, sababu nyingine ya kutonunua vitangi vya urembo.

Na tafadhali usinunue tangi na samaki siku moja. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye filta huigeuza kuwa nitriti, bado sumu, kisha nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzoea nyumba. Nitrati inayobaki unaiondoa kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Maji hayo usiyamwage mfereji wa barabarani. Migomba inayapenda kuliko unavyodhani, ni mbolea.

Haya, nani akae na nani? Kwa lita mia moja, sahau oska. Jozi moja ya malaika, tangi likiwa refu kwenda juu, na korido sita, wale kambale wadogo wenye deraya wanaochambua mchanga chini. Au jozi ya ramu na kundi la neoni, hita ikiwa ya uhakika. Kwa lita mia mbili unaweza kulea malaika wanne au watano tangu wakiwa wadogo, ukijua kwamba wakishajigawa jozi wengine watahamishwa. Oska mmoja, peke yake, anataka lita mia tatu kwa uchache, na wawili wanataka zaidi ya mia nne. Wenzake wawe samaki wazito: kambale wakubwa wenye magamba magumu wanaokwangua kioo, au sikilidi wengine wenye ukubwa unaolingana naye. Hata hivyo uwe na tangi la akiba, kwa sababu kila oska ana tabia yake na wengine hawataki mtu kabisa.

Sasa turudi mfongoni.

Kwa msomaji asiye wa huku: mfongo ni mfereji wa asili ambao Wachaga wamechimba kwa vizazi vingi kuchota maji ya mito ya mlimani na kuyapeleka vihambani, kwenye migomba na kahawa. Maji ya mfongo hayaishii kihambani. Yanayobaki hurudi mtoni. Kikafu, Weruweru na Karanga huingia Kikuletwa. Upande wa mashariki, Lumi hushuka hadi Ziwa Jipe, na kutoka Jipe unatoka mto Ruvu. Kikuletwa na Ruvu hukutana Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ukimwachia samaki nyuma ya nyumba ya bibi Marangu, umemfungulia mlango wa bonde zima la Pangani.

Dogo alijitetea, "Si atakufa na baridi kabla hajafika?" Hoja nzuri. Oska hufa maji yakifika karibu nyuzi 13, na mifongo ya juu usiku wa Julai inaweza kuwa ya baridi kweli. Ila samaki haganda mahali pamoja akisubiri kufa. Kushuka ndiko kupata joto, na kule tambarare kuna maji yasiyo baridi mwaka mzima. Aliyewahi kuogelea Chemka anajua. Kusini mwa Florida, Marekani, oska walioachiwa wamezaana na sasa ni wakazi wa kudumu wa mifereji ya huko.

Na kuna wenyeji wa kupoteza. Ziwa Chala, lile la kreta lenye maji ya buluu kwenye mpaka wetu na Kenya, lina perege anayeitwa Oreochromis hunteri. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Ziwa lenyewe halifiki hata kilomita tano za mraba. Mwenzake, Oreochromis jipe, ni wa Jipe na Pangani. Wote wawili wako kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Chala tayari kuna perege wa aina mbili waliopandikizwa na watu, Oreochromis korogwe na Coptodon rendalli, na hakuna aliyewatoa, kwa sababu samaki akishazaana ziwani hatoki.

Huyo wa Jipe aliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na Rosemary Lowe, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja, Uganda. Alipoolewa mwaka 1953 ilibidi aache kazi, kwani utumishi wa kikoloni haukuruhusu mwanamke mwenye mume kubaki ofisini. Baadaye akaenda na mumewe Guyana, Amerika Kusini, na huko akaendelea kusoma samaki kama kawaida. Mwaka 1969 alichapisha utafiti wake kuhusu sikilidi wa Guyana na jinsi wanavyozaana. Mtu mmoja, ukoo mmoja wa samaki, mabara mawili. Huwa namkumbuka nikitazama tangi.

Nikuambie ukweli, lakini: hatari kubwa zaidi kwa perege wa Chala na Jipe si oska wa dogo. Ni sato. Sato wa Nile, Oreochromis niloticus, anafugwa kwenye mabwawa mengi, na mengine hujazwa na kumwagwa kwa maji ya mito na mifongo. Oska hawezi kuzaa na perege wetu, wametengana mno. Sato anaweza, kwa sababu ni wa jenasi ileile, na uchunguzi wa vinasaba kaskazini mwa Tanzania umeonyesha kwamba machotara kati ya perege wa asili na walioletwa wapo, ingawa si wengi. Spishi inaweza kupotea hivyo kimyakimya, ziwa likiwa bado limejaa samaki. Ziwa Victoria tumeshaona: baada ya sato na sangara kupandikizwa katikati ya karne iliyopita, ngege wa asili, Oreochromis esculentus, karibu atoweke humo. Kinachochekesha na kusikitisha ni kwamba ngege huyohuyo alipelekwa bonde la Pangani, ambako yeye ndiye mgeni.

Kwa hiyo ukiwa na bwawa la sato kihambani, weka wavu wenye matundu madogo kwenye njia ya kutolea maji, na usilijenge mahali ambapo mvua za masika zitalifurisha hadi mtoni. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Ukiwa na oska aliyezidi tangi, njia ni nne. Mrudishe kwa muuzaji, wengine hupokea. Tafuta mfugaji mwenye tangi kubwa, mitandaoni wako wengi Arusha na Dar. Nunua tangi kubwa wewe mwenyewe, kama mfuko unaruhusu. Au fanya alivyosema bibi. Kule Amazon oska huvuliwa na kuliwa, ni kitoweo cha kawaida. Kama hujawahi kumpa dawa za tangi, hakuna sababu ya kibaolojia ya kumwonea kinyaa; ana hata mataya ya pili kooni, kama wa Mbuyuni.

Dogo hakukubali wazo la sufuria. Tulimpata mfugaji Arusha mwenye tangi la lita mia tano. Oska alisafiri kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, pampu ya betri ikilia njia nzima, abiria wa kiti cha mbele akiuliza kama ni bomu. Tangi la lita mia moja likaoshwa, likasubiri wiki tano tupu huku dogo akipima maji kila jioni, kisha wakaingia korido sita, na mwezi mmoja baadaye jozi ya malaika. Jumapili iliyopita malaika walitaga kwenye bomba la filta. Korido wote sita wamehamia kona moja, nyuma ya jiwe refu, na dogo amebandika karatasi kwenye kioo: "Msigonge, kuna mayai."